Nilikuwa na digrii, nikarudi kusomea unesi: kilichonibeba ni D ya Fizikia ya form four

Kijana wa Kiwira

Wakuu, salaam. Ugonile kwa watu wa nyumbani, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Haipiti wiki mbili bila mtu kunifuata chemba na swali lilelile: wewe si ulisoma mambo mengine kabisa, wodini ulifikaje? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nauweka uzi hapa, ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Form six nilisoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, chuo nikachukua Sosholojia, nikamaliza 2016. Nikarudi Mbeya na bahasha ya kaki kama kila mtu. Baada ya kuzunguka na ile bahasha mpaka kona zikalegea, nikapata kazi ya afisa mikopo kwenye kampuni moja ya mikopo ya vikundi, zile mnazoziita kausha damu. Jina halina faida hapa. Eneo langu lilikuwa Soweto, Mwanjelwa na Ilomba. Katikati ya wiki unakusanya marejesho, Jumamosi unawafuata waliokimbia marejesho. Miaka mitatu ile nilijua mlango wa uani wa kila nyumba ya Soweto kuliko mwenye nyumba.

Mwaka 2019 kuna mama ntilie mmoja alipotea wiki tatu. Majirani wakasema amelazwa, kapasuliwa kidole tumbo. Bosi akaniambia mfuate hukohuko. Nikaenda saa ya kuona wagonjwa, jioni, na faili langu kwapani. Nafika kitandani, mama wa watu kanikodolea macho, hana hata nguvu ya kunidanganya. Kitanda cha jirani kulikuwa na bibi anatapika, na kwenye wodi nzima namwona sista mmoja tu. Akaniangalia akaniambia: "Kaka, wewe wa faili, njoo ushike hapa."

Nikashika beseni. Yeye akawa anamgeuza bibi, anamfuta, anabadilisha dripu, huku anamtania kwa Kisafwa mpaka bibi akacheka na matapishi mdomoni. Nilikaa pale kama dakika arobaini. Nikatoka, faili sijalifungua, jalada limelowa. Kesho yake nikamwambia bosi sijamkuta.

Watu wakifika hapa huwa wanasubiri niseme niliitwa na Mungu. Hapana, niliona wivu. Yule sista alikuwa anajua cha kufanya na mikono yake. Mimi nina digrii na mikono yangu kazi yake ni kufungua mageti ya watu.

Sasa nikaanza kutafuta njia. Kwenye intaneti nikasoma kwamba Marekani mtu mwenye digrii yoyote anaweza kusoma uuguzi kwa miezi 12 hadi 18, akatoka na digrii ya pili. Nikajiambia basi na hapa watanipunguzia, nikabeba transkripti na cheti cha chuo kikuu, nikaenda chuo kimoja cha afya cha kanisa huku huku Nyanda za Juu. Mama wa ofisi ya udahili alivipokea, akaviweka juu ya meza bila kuvifungua. Akauliza: "Cheti cha form four unacho?"

Hapo ndipo ninapotaka mtulie. Mlango wa diploma ya uuguzi na ukunga haufunguliwi na digrii yako. Wanaangalia ufaulu wa form four, masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima kuwe na Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza nzuri. Una digrii ya sheria, ya uhasibu, ya ualimu, hata kama ni ya kwanza darasani, kama Fizikia ina F umekwama palepale na mtoto aliyemaliza jana.

Nikapanda gari kwenda Kiwira. Cheti kilikuwa kwa mama, sandukuni, ndani ya nailoni, kimekunjwa pamoja na kadi ya kliniki ya mdogo wangu. Sikukumbuka kabisa nilipata nini, maana ukishaenda HGL unayasahau hayo masomo kama ndugu wa mbali. Baiolojia C. Kemia D. Fizikia D. Zote zimefaulu.

Ile D wakuu, mimi najua ilivyopatikana. Shule yetu ya kata mwalimu wa Fizikia alihama tukiwa form two, hakuletwa mwingine. Kulikuwa na kaka mmoja kamaliza form six anasubiri matokeo, tukamchangia mia mia za nauli awe anatufundisha Jumamosi. Alitufundisha mwanga, wenzo na kapi, muda ukaisha. Kwenye mtihani nikajibu mwanga, wenzo na kapi. Miaka tisa baadaye nikakaa chini kwenye sakafu ya mama nikaitazama ile herufi nikacheka peke yangu.

Baba hakucheka. "Umesoma miaka mitatu chuo kikuu ili ukazalishe?" Alilisema hilo mbele ya wajomba, na kwa miezi kama minne halikuisha.

Nikaingia Oktoba 2020, nina miaka 28. Ni miaka mitatu, ngazi ya 4 mpaka ya 6 ya NTA (zile ngazi za taifa za vyuo vya ufundi), na hakuna hata somo moja nililosamehewa. Darasani wenzangu wa miaka 18, 19, wananiita mjomba. Wiki ya kwanza ya vitendo tulijifunza kutandika kitanda. Kutandika kitanda! Nikarudishwa mara tatu kwa sababu ya kona ya shuka. Mara ya tatu mkufunzi, ambaye nadhani nilimzidi umri, akaivuta ile shuka yote chini akasema "anza". Hapo digrii ilinitoka mwilini kama homa.

Kitu kimoja nitawasimulia kwa urefu kwa sababu ndicho kilichonibakiza. Mwaka wa pili, mwezi wa saba, niko kliniki ya wajawazito. Wanaojua baridi ya Njombe na Makete mwezi wa saba wanajua. Asubuhi majani yameganda meupe. Nikaambiwa nimpime mama wa wiki 34. Nikaweka viganja tumboni, mama akaruka akapiga kelele, mkunga wa zamu akakimbia akidhani nimemfanya kitu kibaya. Akanishika mikono. "Hizi ni barafu. Mtoto naye karuka humo ndani." Akanipa kikombe chake cha chai, si ninywe, nikishike. Nimesimama pale dakika tano nimekumbatia kikombe kama mgonjwa mimi. Mpaka leo kabla ya kugusa tumbo la mtu naweka mikono kwapani kwanza.

Halafu fetoskopu, ya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Unaweka ile tarumbeta tumboni, sikio juu yake, mkono unauachia, kwa sababu ukiishika unasikia makelele ya vidole vyako. Nikahesabu dakika nzima, nikaandika 88 kwa kujiamini kabisa. Mkunga akasoma, akashtuka, akasikiliza mwenyewe: 140. Akauliza, "Ulishika mshipa wa mkononi wa mama wakati unahesabu?" Sikushika. Nilikuwa nimehesabu mapigo ya mama, si ya mtoto. Toka siku hiyo vidole viko kwenye mshipa wa mama, sikio liko kwa mtoto, na hesabu mbili zisifanane.

Nilimaliza 2023, nikafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, leseni nikaipata. Nikajitolea miezi nane bila mshahara, posho ya sabuni tu, sasa nina mkataba kwenye hospitali ya kanisa. Serikalini naomba kila nafasi zikitangazwa, bado. Na mshahara wa kwanza ulipoingia, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu walikuwa wameshanifikia: asilimia 15 kila mwezi, deni la Sosholojia. Nauguza watu nikilipia nadharia za jamii.

Ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

Mzee wa Mafiati

Mkuu umeandika vizuri ila niambie ukweli. Mama yuko leba, anaona mlango unafunguka anaingia jibaba la Kinyakyusa lenye ndevu. Hawakimbii?

Kijana wa Kiwira

Wapo wanaokataa, na hawakosei. Naita mwenzangu wa kike, nahamia kitanda kingine, sijawahi kubishana na mama mwenye uchungu na sina mpango huo. Ila wengi hasa usiku wa manane wanataka mtu ambaye hataondoka. Kuna mmoja alinishika shati mpaka vifungo viwili vikakatika.

Kilichonipa shida ni wazee wa kwetu. Mnajua Unyakyusani mkamwana na baba mkwe hata njia moja hawapiti. Mke wa kaka yangu alipofikia siku zake, baba alitaka uhakika kwanza kwamba siko zamu.

Sokomatola Ndani

Naomba nivunje sherehe. Tuseme kwenye mikopo ulikuwa unapata 450,000. Mara miezi 36 ni 16,200,000 umeziacha. Ongeza ada, hosteli, chakula, sare, michango ya vitendo. Halafu miezi nane ya kujitolea. Halafu ajira ya serikali bado. Kwa hela hizo unanunua bajaji unabakiwa na mtaji wa duka la nafaka pale Mwanjelwa. Vijana wasomeni huu uzi kwa kikokotoo mkononi.

Kijana wa Kiwira

Hesabu yako haina kosa na mimi niliipiga kabla sijaondoka. Ila 450,000 uliyoiweka ni ya kwenye karatasi. Kikundi kikikimbia, pengo linakatwa kwako. Kuna mwezi nilipokea 190,000. Na bajaji sikatai, ni kazi, kaka yangu anaendesha ya kwake Uyole na ananizidi kipato mpaka leo. Nikisema unesi unalipa kuliko bajaji nitakuwa nawadanganya watu.

Ada yangu ilikuwa 1,400,000 kwa mwaka, hosteli mbali. Nililipa kwa akiba, shamba la viazi la mama, na likizo zote nilikuwa nabeba ndizi kutoka Kiwira kwenda Mbeya.

Nyota ya Igawilo

Kaka asante. Mimi ni mwalimu kwa cheti, BA Education, nimemaliza 2014 na ajira sijaiona. Nafundisha shule binafsi kwa mshahara wa kusubiria. Nina miaka 34, watoto wawili, mume anaendesha lori la Tunduma hivyo nyumbani yupo siku chache. Maswali yangu: umri wangu si umepita? Na watoto nitawaweka wapi? Form four nilisoma zamani, sijui hata cheti kiko wapi, nafikiri kiko kwenye begi la harusi.

Kijana wa Kiwira

Dada, darasani hakuna anayekuuliza umri. Unaoutazama ni umri wa ajira: matangazo ya utumishi wa umma huwa yanasema mwombaji asizidi miaka 45. Ukianza na 34 unatoka na 37 au 38. Muda upo, ila si wa kuchezea. Ungekuwa na 41 ningekujibu tofauti.

Tafuta lile begi kwanza. Kabla ya kumwambia mume, kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Swali la watoto nisijifanye najua. Nilikuwa sina mtoto.

Mama Pacha Makambako

Hilo la watoto nimelipitia, acha nijibu. Nilikuwa na digrii ya maendeleo ya jamii, nikaenda diploma ya uuguzi nikiwa na miaka 32, watoto watatu. Niliwaacha Mafinga kwa mama yangu. Kila Jumamosi ambayo sina zamu nilipanda gari la kwanza, narudi Jumapili jioni.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mwepesi kwa sababu ni darasa. Mwaka wa pili zamu za usiku zikaanza, wiki mbili mfululizo sifiki. Wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nilivyofika Jumamosi moja akajificha nyuma ya bibi yake, akaambiwa msalimie mama, akamsalimia bibi. Mimi alikuwa akiniita anti. Nililia kwenye gari mpaka konda akaniuliza kama nimefiwa.

Leo yuko darasa la pili, ananiita mama na ananiibia chenji, kwa hiyo alipona. Ila dada usiende ukidhani hili halitakuuma. Muweke kwa mtu ambaye hatakupigia simu ya lawama kila Jumatano. Mama mkwe wa lawama ni bora usiende kabisa.

Na kingine, hakikisha chuo kiko karibu na hospitali yake. Kuna wenzangu walikuwa wanatoka hosteli saa kumi na moja alfajiri kutafuta bodaboda ya kwenda wodini, na ile nauli haimo kwenye fomu ya ada.

Kamwene Tena

Wakuu mimi niko Ipogolo, digrii ya utalii. Nimekitafuta cheti baada ya kusoma huu uzi. Baiolojia C, Fizikia D, Kemia F. Yaani nimekaa namtazama huyu F.

Mzee wa Mafiati

Pole mkuu. F ya Kemia ni ugonjwa wa taifa.

Mama Pacha Makambako

Kamwene, mimi ndiye F ya Kemia. Niliurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Novemba, matokeo Januari, kwa hiyo jiandikishe mapema mwaka unapoanza, usisubiri faini ya kuchelewa. Nilisoma kwa mwalimu mstaafu wa hapo Mafinga, jioni tatu kwa wiki, miezi saba. Nikapata C, nikaomba chuo kwa vyeti viwili nikapokelewa.

Nakwambia hivi kwa upendo: mtu wa digrii akirudi kusoma mole na titresheni ya form four ndipo anapojijua. Jirani yangu wa dawati alikuwa mtoto wa miaka 17 amefukuzwa shule. Yeye ndiye alinielewesha.

Mdau wa Uyole

Mkuu, mimi form six nilisoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), nikapata alama za kawaida, nikaishia digrii ya sayansi ya mazingira. Na mimi nianzie diploma na watoto?

Kijana wa Kiwira

Wewe una njia nyingine. Kwa PCB yenye ufaulu wa masomo yote matatu unaweza kuomba digrii ya uuguzi moja kwa moja, miaka minne, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya leseni kamili. Mlango wako ni matokeo ya form six, hapo pia digrii yako ya mazingira inakaa nje. Angalia vizuri Kemia na Baiolojia, uone chuo unachokitaka kinadai alama gani.

Ukitoka wewe ni Afisa Muuguzi. Mimi wa diploma ni Afisa Muuguzi Msaidizi. Mshahara na ngazi vinatofautiana. Ila pima: mitano kwa mitatu. Na wa diploma akitaka baadaye anaweza kupanda kwenda digrii kama GPA yake, yaani wastani wa alama za chuo, haipungui 3.0 na form four yake imekaa vizuri. Mimi nina 3.6, naitunza kama yai.

Tukuyu Ughaibuni

Niko Marekani, dada yangu alipita ile njia aliyoitaja mleta uzi. Alikuwa na digrii ya biashara. Msidhani ni mteremko. Kabla hawajampokea alisoma upya anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na takwimu kwa gharama zake, ndipo akaanza ile miezi. Baadaye mtihani wa NCLEX, ule wa leseni ya uuguzi huku. Ule ufupi unatokana na kwamba masomo ya jumla ya chuo kikuu ameshayamaliza kwenye digrii ya kwanza, hivyo wanampa uuguzi mtupu, bila likizo. Hakuwa na siku ya kulala.

Sista wa Zamu

Nimesoma kimya tangu jana. Niko mkoa wa Iringa, nina miaka 26 kazini, nimefundisha wanafunzi wodini kuliko ninavyokumbuka majina.

Kijana wa Kiwira, mkunga aliyekupa kikombe cha chai alikulea vizuri. Ningekuwa mimi ningekutoa nje kwanza. Na kwa wanaosoma: mapigo ya mtoto tumboni yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Sisi tulifundishwa 120. Vitu vinabadilika, soma upya kila mwaka, leseni yenyewe inadai mafunzo endelevu.

Sasa niseme la moyoni. Nyinyi wa digrii mnaokuja, mpo wa aina mbili na siwafichi. Wapo wanaokuja kwa sababu wamesikia afya kuna ajira. Hao nawajua siku ya kwanza ya kuandaa mwili wa marehemu. Nilikuwa na mmoja, mhasibu, darasani anaongoza. Mgonjwa akafariki alfajiri, nikamwambia njoo tumsafishe baba, tumfunge taya, tumvalishe. Akasimama mlangoni. Sikumlaumu, nikafanya na mwenzake. Wiki ile ile akarudi kwao. Miezi kumi na sita ya ada ya wazazi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, kila mtu ana ndugu anayelazwa. Jitolee wewe kumuuguza usiku, siku tatu mfululizo. Mwogeshe. Mwekee chombo cha haja ukimwage wewe. Usimwachie shangazi. Siku ya nne utajua kama unaenda chuo au unarudi kwenye bahasha yako.

Sokomatola Ndani

Sista hapo nimekuvulia kofia. Ila na aina ya pili hujaitaja.

Sista wa Zamu

Aina ya pili ndio wanaonisumbua, kwa sababu wanauliza kwa nini. Mtoto wa form four nikimwambia pima presha kila baada ya dakika 15, anapima. Wa digrii anataka sababu. Mwanzo nilikuwa nawaona wajeuri. Siku hizi nikiwa na mmoja kwenye zamu nalala vizuri nikifika nyumbani, kwa sababu ripoti aliyoiandika inasomeka na mgonjwa ameulizwa maswali ambayo hata daktari hakuuliza.

Kijana wa Kiwira

Sista heshima yako, shikamoo.

Kwenye hilo la kuuliza niongeze kidogo. Kazi ya marejesho imenisaidia kuliko vitabu vya Sosholojia. Mtu akikwambia "nitalipa kesho" mara mia tano, unaijua sauti yake. Sasa kuna mgonjwa wa kifua kikuu anakuja kliniki, dawa anameza kila siku, anasema, vizuri kabisa, hakuna tatizo. Ni ile ile sauti! Simbani. Naomba tuhesabu vidonge pamoja, tukikuta vimezidi namuuliza asubuhi anakula nini. Juzi mmoja akasema hali kitu mpaka saa nane mchana, na dawa bila chakula zinamtapisha, kwa hiyo anaziruka akienda shamba. Basi tatizo ni uji, ukaidi haumo. Kwenye mikopo ningempigia kelele.

Kamwene Tena

Kuna jamaa pale stendi anasema kwa 200,000 ananiingiza chuo hata na F ya Kemia, ana mtu wake ndani. Nimwamini?

Mama Pacha Makambako

Kimbia. Akikuingiza leo, siku ya usajili wa Baraza vyeti vinakaguliwa upya na utakuwa umekula miaka mitatu. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo hivi, na orodha ya vyuo vilivyosajiliwa iko hapohapo, tazama chuo chako kimo na kozi yako imo. Kuna vyuo vimesajiliwa kwa famasi au maabara, uuguzi hawana kibali, na wanapokea ada kwa uso mkavu.

Na majina kwenye cheti cha kuzaliwa na cha form four yafanane. Mimi nilikuwa na herufi moja imezidi, ikanigharimu kiapo na wiki tatu.

Mdau wa Uyole

Na mkopo wa Bodi kwa diploma vipi? Nasikia siku hizi upo.

Kijana wa Kiwira

Ulianza mwaka wa masomo 2023/24 kwa fani chache za diploma, afya ikiwemo. Ila wewe uliyekwisha kula mkopo wa digrii na hujaumaliza, usipange bajeti kwa kuutegemea. Panga kama haupo. Na kuingia chuo kipya hakufuti deni la zamani, linakusubiri kwenye mshahara.

Nyota ya Igawilo

Nimerudi. Begi la harusi lilikuwa juu ya kabati, cheti kilikuwa chini ya kitenge cha mama mkwe. Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D.

Nimekaa kitandani kama dakika kumi. Mume yuko njiani Chimala, sijamwambia.

Mzee wa Mafiati

Fizikia D tena! Hii nchi inauguzwa na D za Fizikia.

Nyota ya Igawilo

Mzee acha. Nimeshampigia mama Rungwe nikamuuliza anaweza kukaa na watoto, nikasingizia semina. Akauliza semina ya muda gani, nikasema miaka mitatu. Akanyamaza, halafu akaniuliza watoto wanakula maparachichi au hawali.

Sista, shangazi yangu kalazwa hospitali ya Meta tangu Jumapili. Leo usiku nakwenda kulala naye mimi. Nimebeba beseni.

Sista wa Zamu

Beba na kandambili, sakafu inalowa. Na umwulize sista wa pale kabla hujamgeuza, kama ana mshono kuna namna ya kumshika.

Kamwene Tena

Mimi nimejiandikisha Kemia. Swali dogo la mwisho, viatu vya wodini huwa rangi gani ili nianze kuangalia mitumba?

Kijana wa Kiwira

Kwetu vilikuwa vyeusi, vya kufunika vidole, bila kisigino, visilie ukitembea. Chukua namba moja zaidi ya mguu wako. Mwezi wa saba utavaa soksi mbili.